Ng'ombe wa Kompyuta Tisa

Wabuge alipoona ofisi moja mjini Eldoret ikitupa kompyuta tisa kuukuu, yeye aliona ng'ombe. Mzee Wanyonyi wa Bungoma alikuwa amesema wazi: ng'ombe wa mahari afike Jumamosi, la sivyo binti yake Nanzala ataolewa na mwalimu mmoja wa Kimilili. Na mali ya Wabuge yote ilikuwa suti moja na mdomo.

Akaupeleka huo mdomo Moiben, kwa Mama Jemutai, mjane mwenye ng'ombe kumi na wanne na sola juu ya paa.

"Mama, nina mashine tisa. Ukiziwasha hapa nyumbani, zinawapigia wanasayansi hesabu za kutafuta dawa. Ni kujitolea tu. Lakini kila hesabu ina pointi." Akashusha sauti, vile waheshimiwa hushusha wakikaribia uongo. "Na pointi zikijaa, mama, ni dola."

Ukweli mwingi, uongo mmoja. Waziri gani amewahi kufikisha kipimo hicho? Pointi zenyewe ni za sifa, hazinunui hata kiberiti.

"Dawa ya nini?"

"Kansa, malaria, zote. Sasa hizo pointi—"

"Kansa ndiyo iliyomchukua mzee wangu. Mashine ya kumpima ilikuwa hapo hospitali, ikingoja mkubwa aje akate utepe. Alikuja tukiwa tumeshamzika."

"Pole sana, mama. Sasa pointi—"

"Leta zote tisa. Pesa sina, nitakupa ng'ombe kwa desturi yetu ya hapa."

"Desturi yenu ni yangu, mama!" Wabuge akadakia, mbele ya majirani wawili. Hakuuliza ni desturi gani. Mtu wa mdomo mwepesi hana nafasi ya masikio. Akazileta, tena akaandika karatasi: mashine ni za Mama Jemutai milele. Akatia sahihi yenye mikia mitatu, akaondoka akivuta ng'ombe mweusi.

Ijumaa akarudi mbio. Bila barua ya Mama Jemutai, ofisi ya mifugo haingempa kibali cha kusafirisha ng'ombe.

"Kibali cha kwenda wapi?"

"Bungoma, mama. Kwa wakwe."

Mama Jemutai alicheka mpaka akashika mlango. "Wewe! Sisi tukikupa ng'ombe hivyo, unatuchungia. Maziwa kunywa, samadi yako. Ng'ombe ni yangu, na akizaa, ndama ni yangu. Majirani hawakukuambia?"

"Basi nirudishie mashine!"

"Za milele?" Akaitoa karatasi kifuani. Chumbani mashine tisa zilikuwa zikivuma. "Na hizo dola zako, mpwa wangu Brenda aliniambia siku ile ile ni hewa. Mimi nilitaka hesabu."

Simu ya Wabuge ikalia. Nanzala.

"Ng'ombe uko naye?"

"Niko naye. Lakini mwambie baba... nitakuja na maziwa. Mengi."

"Mwalimu ameshafika, Wabuge. Na ng'ombe mzima." Simu ikakatika.

Wabuge akaitia simu mfukoni mwa suti.

"Wahi nyumbani, baba," Mama Jemutai akamwambia kwa upole. "Huyo hukamwa saa kumi. Ukichelewa, anapiga teke."