Plastiki Husamehe

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamka na kioo kwenye kope. Ni vumbi la nyuzi za kioo tunazofanyia kazi kiwandani. Mchana zinakaa kazini, usiku zinanifuata kitandani. Mwili mzima unawasha. Hata hivyo nimeota vizuri: binti yangu kajitanda shela, anaelea kama wingu, nami niko nyuma nimeshika ncha.

Arusi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Mimi ndimi baba mtu. Shemeji, kaka yake mke wangu, ndiye mjomba mtu. Chumba chetu kimoja, kitanda cha ghorofa, yeye juu mimi chini. Hata mashine yetu kiwandani ni moja. Na leo msimamizi katangaza kwamba atakayepewa ruhusa ya kwenda nyumbani ni mmoja tu: yule atakayetoa vipande vizuri vingi zaidi wiki hii.

Mmoja tu! Nikamwambia Shemeji kwa upole kwamba arusi bila baba ni chungu bila kitako. Akasema chungu hicho alikifinyanga dada yake, mimi nilipuliza moto tu. Kiwanda kizima kikacheka. Sawa. Tutaonana.

Jumanne, 4 Machi

Kazi yenyewe haina maajabu. Kuna kitambaa kizito, kimefumwa kwa nyuzi za kioo na nyuzi za plastiki. Unapanga tabaka juu ya tabaka, unazibana kwenye fremu kwa springi, unaziingiza kwenye tanuri. Plastiki inayeyuka, kioo hakiyeyuki. Fremu inatoka mbio, kitambaa kinaning'inia teketeke, mashine inashuka na kukibana ndani ya kalibu ya chuma. Ukingoja kipoe, unatoa mgongo wa kiti cha gari, mgumu kama ubao, mwepesi kama kikapu kitupu.

Ukingoja. Hapo ndipo penye balaa. Mama alikuwa akisema haraka haina baraka, lakini mama hakuwahi kushindana na shemeji yake. Zamu yangu ilipofika, nikawa nafungua kalibu mapema. Vipande vikawa vinatoka mfululizo! Vimenyooka, vinang'aa! Nikavipanga mezani na kuvitazama kwa upendo, nikiwaona wageni wa arusi wamevikalia safu kwa safu, wamevaa meupe.

Nikiwa katikati ya ndoto hiyo vikaanza kujikunja, polepole, kama masikio ya mbwa aliyeitwa jina lake.

Msimamizi akaniuliza kama viti hivi ni vya kukalia watu au ndizi.

Jumatano, 5 Machi

Matumaini! Fundi mzee anayetengeneza mashine kanihurumia. Kasema nisilie, plastiki hii si yai. Yai likishachemka limechemka. Hii ukiipasha tena inalainika, inakubali umbo jipya. Plastiki hii, kasema, husamehe. Alikuwa anaendelea kusema kitu, lakini mimi nilishaondoka.

Wenzangu walipokwenda kula, nikavirudisha vile vipande vya ndizi ndani ya tanuri.

Vikaumuka! Kumbe zile nyuzi za kioo zikishaachiwa na plastiki zinajinyoosha kama watu waliobanwa kwenye benchi. Vikavimba kama mkate, vyeupe, vyororo, kama kondoo waliolala. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile kiwandani. Nikaegemea ukuta. Nikamwona binti yangu kakaa juu ya mito hiyo, ananipungia mkono. Nikampungia.

Moshi ndio ulionizindua. Kisha king'ora.

Fundi mzee akaja kumalizia sentensi yake: husamehe, mradi uibane tena ingali moto, na usiisahau ndani. Nikamuuliza kwa nini hakuanza na hapo. Akasema pole, mwanangu, kama mtu anayezungumza na mgonjwa.

Vipande vizuri vya Shemeji: lundo. Vyangu: wacha.

Ijumaa, 7 Machi

Jana sikuandika, nilikuwa nafikiri. Leo nimetenda.

Shemeji ana ugonjwa mmoja, sote tunao: kitambaa huchanika kwenye pembe ya bega la kiti. Si mara zote, ila mara nyingi kiasi cha kumtia msimamizi vidonda vya tumbo. Nikawaza: kupasuka tu hakutoshi, kikipasuka na kukunjamana je? Kabla ya zamu yake, nikaichukua spana, nikalegeza springi mbili za fremu yake, zile za pembeni. Kitambaa kikose mvutano, kijikunje, aaibike.

Nikasimama kando nikipiga mluzi.

Fremu ikatoka. Mashine ikashuka. Kitambaa kikaingia kwenye pembe kama mguu unavyoingia kwenye ndara ya zamani. Hakuna mpasuko! Hakuna kunyanzi! Cha pili vivyo hivyo. Cha tatu! Msimamizi akawaita watu wa ofisini. Wakaja, wakakipapasa kile kipande kama shavu la mtoto mchanga. Kumbe miezi yote hii springi zilikuwa zinavuta kupita kiasi.

Wakamuuliza Shemeji amefanyaje. Akazitazama springi. Akanitazama mimi. Akaitazama spana, iliyokuwa ikichungulia mfukoni mwangu. Akasema tu kwamba Mungu ni mwema.

Kisima nimechimba mimi, maji kanywa Shemeji. Binti yangu atashikiwa shela na mjomba. Sili leo.

Jumamosi, 8 Machi

Naenda! Mimi! Naenda!

Ilikuwa hivi. Wakubwa wameamua Shemeji azunguke mashine zote awafundishe wengine zile springi. Hawezi kuondoka hata siku moja. Msimamizi akamuuliza, basi shemeji yako tukimruhusu, kazi itakwendaje? Shemeji akajibu kwamba itakwenda vizuri sana, vizuri kuliko ilivyowahi kwenda. Msimamizi akasaini kabla hajamaliza kusema.

Nimeelewa. Wanaiogopa akili yangu.

Jioni Shemeji akaishusha suti yake kwenye msumari, ile ya pekee, akailaza kitandani kwangu. Akasema baba hawezi kumtoa binti akiwa na suruali ya vumbi la kioo. Akasema nimwambie mpwa wake kwamba mjomba alitaka kuja. Kisha akawa anakung'uta kola ambayo haikuwa na kitu. Mwisho akasema niishike ile shela kwa niaba yake pia, na nisiikanyage. Nikamwambia asijali. Akasema anajali sana, ndiyo maana ananionya.

Na ile spana je? Hakuitaja. Atakuwa hakuiona vizuri.

Jumapili, 9 Machi

Basi linaondoka mchana. Suti ina mikunjo. Shemeji kaenda zamu ya ziada, na mlangoni alinikumbusha mara mbili: suti hiyo ni ya nyuzi za plastiki, pasi iwe vuguvugu, weka kitambaa juu yake, usiwe na pupa. Nikamwitikia ndiyo shemeji, ndiyo shemeji.

Lakini pasi vuguvugu inachelewa, na mimi nina safari. Nikaipandisha hadi mwisho. Mvuke ukapanda, na ndani ya mvuke nikamwona binti yangu, shela imejaa upepo, anageuka kunitafuta. Nikasimama kumtazama kidogo tu.

Goti la kulia la suruali limeondoka na pasi. Palipobaki panang'aa kama kioo, umbo la pasi kamili, hata tundu za mvuke zinaonekana.

Zamani ningelia. Sasa mimi ni mtu wa kiwanda. Plastiki husamehe, mradi uibane tena ingali moto. Nimeipandisha pasi tena hadi mwisho, na nimekaa juu ya kitanda nangoja ikolee.

Nitaanza na goti la kushoto, la majaribio.