Chini ya Jukwaa la Radi Kavu

Jumatano, 6 Agosti
Tiketi zimekwisha! Radi Kavu wanakuja mjini Jumamosi, bendi ya roki niliyoipenda tangu nikiwa na nywele, na mimi sina tiketi. Nilikuwa nangoja bei ishuke. Haikushuka. Kidevu, mwenzangu wa kupiga pasi hapa udobini, anayo. Ameibandika ukutani, usawa wa macho yangu. Anaimba siku nzima, na kila akifika kwenye kiitikio anakosea. Nilimsahihisha. Akasema wenye tiketi huimba wapendavyo. Nikaunguza kola ya mteja.

Alhamisi, 7 Agosti
Mungu si Athumani! Shemeji, mume wa dada yangu, ni fundi umeme, na taa za jukwaa kapewa yeye. Nilikwenda kwao na ndizi mkononi na tabasamu usoni, nikaomba niwe msaidizi wake. Akakataa kabla sijamaliza. Akakumbusha habari za feni niliyowahi kuwatengenezea. Akasema hii ndiyo kazi yake kubwa ya kwanza. Wakiridhika, taa za uwanja ni zake mwaka mzima. Hataki mkosi. Dada akamtazama tu. Yule dada ana macho! Shemeji akanywea. Nimekubaliwa kwa sharti moja: nisiguse kitu.

Ijumaa, 8 Agosti
Kuomba ruhusa kazini. Nilimwambia mama mwenye udobi kwamba shangazi yangu mkubwa yu mahututi. Nikajifuta jicho. Kumbe shangazi yuko nyuma yangu, kaja kuchukua mapazia! Akauliza kwa upole anaumwa nini. Mama akanipa ruhusa papo hapo. Alisema hataki kuniona.

Jumamosi, 9 Agosti
Niko chini ya jukwaa. Kweli kabisa! Juu yangu mbao, mbele yangu sanduku la umeme na nyaya nene kama mkono. Shemeji amekwenda kwenye mtambo wa taa, mbele kule. Kabla ya kuondoka alinishika bega.
“Shem, ukiona moshi, niite. Usipouona, wewe ni jiwe.”
Mimi ni jiwe.
Giza limeingia, wameanza! Mbao zinatetemeka, vumbi linanijaa mdomoni. Kupitia ufa naona buti la mwimbaji. Moja! Miaka yote ya mapenzi, naonyeshwa buti. Umati unapiga mayowe. Wao wanaona uso. Kidevu anaona uso.
Ngoma hiyo! Wimbo wangu unaanza. Upande wa pili, nyuma ya nyaya, kuna tundu pana zaidi. Ni kuruka tu. Hata jiwe hubingirika.

Jumapili, 10 Agosti
Mguu ulinasa.
Plagi zikachomoka, kila taa ikazimika. Gitaa likakatika katikati. Uwanja mzima giza totoro. Kwanza kimya, kisha watu wakaanza kusukumana. Uzio wa chuma ukalia. Mwanamke akapiga kelele, “Msisukume, nina mtoto!” Watu wataumia, na ni kwa sababu yangu. Nikapapasa plagi gizani, sijui ipi ya wapi. Nikamwita shemeji, kelele za umati zikanimeza.
Ndipo juu yangu buti likagonga ubao. Likagonga tena. Mwimbaji akaanza kuimba, bila kipaza sauti, polepole kama anayebembeleza mwana. Wimbo wangu! Waliokuwa mbele wakaitikia, wa nyuma yao wakadaka, mpaka uwanja wote ukawa sauti moja. Uzio ukaacha kulia. Mimi nikakaa vumbini nikalia kwa niaba yake.
Shemeji alikuja akitambaa, tochi kaibana kwa meno. Akanisukuma kando. Akachomeka plagi moja baada ya nyingine. Taa zikarudi, watu wakalipuka kwa shangwe, wakidhani ilipangwa.
Msimamizi wa uwanja hakudhani. Kazi ya mwaka kapewa fundi mwingine. Nilingoja shemeji anitukane. Akakunja nyaya zake, moja moja. Heri angenitukana. Dada kanipiga marufuku kukanyaga kwake.

Jumatatu, 11 Agosti
Kidevu hana habari nyingine: lile giza! Anasema aliyelibuni ana kipaji. Nilijitahidi kunyamaza, nikashindwa. Nikasema ni mimi. Akacheka mpaka akashika meza.
Jioni nilikwenda kwa dada, nikasimama nje ya dirisha, nikaapa kwamba nimekoma: waya wa umeme sitagusa tena maishani. Akafunga pazia. Lakini kiapo ni kiapo, na nitakitimiza. Radi Kavu wanakwenda mji wa jirani, na dereva wao wa lori ameugua. Lori halina waya wa kukanyaga. Nimeshapiga simu. Wakauliza kama nina uzoefu. Nikasema wa kutosha. Kwa kweli sijawahi kuendesha hata mkokoteni, ila usukani ni duara tu. Mtu atakosea wapi?