Umaskini Wangu wa Usalama

Jumatatu, 3 Machi
Fundi saa wa mtaa wa pili kavamiwa. Walimkalisha sebuleni kwake, wakamlazimisha afungue simu na kuwahamishia sarafu zake zote za mtandaoni. Mbavu zimevunjika. Kosa lake: alijisifu kwa kinyozi. Mimi sarafu ninazo kumzidi, na kinyozi wetu ni mmoja. Mke wangu anasema dawa ni kufunga mdomo. Wazo la kawaida mno. Kuanzia kesho mimi ni maskini.

Jumanne, 4 Machi
Shati la viraka. Kandambili za rangi mbili. Nikapita kwa kinyozi, nikatangaza mbele ya wateja kwamba sarafu zangu zimeyeyuka zote. Kanipa pole, kaninyoa bure. Mambo yanakwenda vizuri.

Alhamisi, 6 Machi
Mteja kaja karakana yangu ya majokofu kuchukua lake kabla sijaligusa. Kasema mtu aliyepigika namna hii anaweza kuuza mota. Jioni mama mkwe kaleta suruali za marehemu baba mkwe. Zinaniishia chini ya magoti. Mke wangu kauliza hao wezi wenyewe wako wapi. Nikamjibu kwamba kutoonekana kwao ndiyo dalili ya mafanikio.

Jumamosi, 8 Machi
Shemeji kasikia kwamba nimefilisika. Huyu ni kaka wa mke wangu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na tangu siku ya harusi ananitazama kama mzigo uliokosewa anwani. Kasema kaniwekea kazi ya kupakia saruji. Mbele ya wanangu. Binti yangu mkubwa kamshukuru. Nimemeza.

Jumapili, 9 Machi
Tumeitwa kwa mama mkwe. Nilidhani ni chai tu, kumbe ni mchango wa kuniokoa. Shemeji akasimama kueleza ukoo mzima jinsi alivyonionya. Uvumilivu ukaniishia. Nikapanda juu ya kiti, ndani ya suruali ya marehemu, nikawaambia sijafilisika hata siku moja. Nikafungua simu kwenye salio la sarafu, ikapita mkono kwa mkono mpaka kwa majirani waliokuwa dirishani. Mama mkwe kadai suruali zake. Shemeji kaketi. Siku tamu kuliko zote.

Jumatatu, 10 Machi
Pikipiki imeegeshwa nje ya karakana asubuhi nzima. Wawili, kofia ngumu hawavui. Mmoja kaingia kumuulizia fundi tajiri. Nikiwa nyuma ya jokofu, nikamjibu kwamba kasafiri. Sauti ilikuwa ya kiume. Mke wangu kachukua watoto, kahamia kwa shemeji. Kanisihi niende nao. Nilale kwa shemeji? Heri wezi.

Jumatano, 12 Machi
Redio wamesikia habari zangu. Wananitaka nizungumzie namna ya kutunza siri za mali. Mke wangu kapiga simu akilia, kaniomba nikatae. Nimemwambia woga ndio unaowanenepesha wezi. Mtangazaji kapendekeza jina langu lisitajwe. Nimegoma. Shemeji atajuaje kuwa ni mimi? Hata matangazo ya kipindi nimeyarekodi mwenyewe, nikiwakaribisha wasikilizaji wenye maswali wafike nyumbani: geti la bluu, mbwa hakuna, wiki hii nipo peke yangu.