Swichi za Texas Zafika Roret

Jumatatu, 9 Septemba 1996

Siku kubwa! Binamu yangu Robert amerudi likizo hapa kijijini Roret kutoka Texas, Amerika, ambako chuo kinamsomesha kwa sababu ya miguu yake. Wakimbiaji wengine wakirudi huleta viatu na fulana. Robert ameleta katoni nzima ya swichi. Alizinunua kwenye duka lililokuwa linafunga biashara, na hakujua atazifanyia nini. Mimi nilijua hapo hapo.

Si swichi za kubonyeza. Hizi zina bamba la chuma, laini, halina hata kitufe. Ukiligusa kwa kidole, taa inapunguza mwanga polepole. Ukiligusa tena, inapandisha. Chuma kinajuaje kwamba nimekigusa? Kikiguswa na ng'ombe je? Nimemuuliza Robert. Hajui. Yuko chuo kikuu na hajui!

Ukumbi mpya wa akina mama wa kanisa unatafuta fundi wa umeme. Nikiipata kazi hiyo, duka langu limepona. Nikiikosa, kaka yangu Johana, mwenye jengo, anataka chumba chake mwisho wa mwezi aweke mbolea. Amesema pia, kwa upole wote, kwamba kikapu changu cha kuchumia chai bado anacho. Mimi, fundi niliyesoma kitabu cha umeme hadi katikati, nikamchumie Johana chai!

Shida ni mbili. Ya kwanza ni Nyamwange, mwenye duka la vifaa vya umeme ng'ambo ya barabara. Naye anaitaka kazi. Ya pili ni kwamba mwenyekiti wa kamati ni mama mkwe wangu, Phelis. Kwetu mkwe mwenye adabu hamshiki mama mkwe mkono wala hapigi naye porojo. Akija njia hii, mimi napitia kwenye majani. Sasa nitamsifia swichi vipi? Nimemtuma mke wangu, Chepkirui.

Jibu limerudi jioni: kamati haitaki kifaa chochote kisicho na cheti cha usalama kutoka ofisi ya viwango. Mkaguzi anapita Roret Ijumaa. Basi, Ijumaa.

Jumanne, 10 Septemba

Nimesoma mgongo wa swichi. Alama ya usalama ipo, ya Amerika, mviringo, safi. Kitu kilichokubaliwa na Amerika kitakataliwaje na Roret? Chini yake wameandika volti 120. Umeme wetu ni 240.

Nimewaza sana. Kwa nini nchi kubwa namna ile itumie umeme nusu? Labda wanauogopa. Labda swichi ina uwezo zaidi ila haijapata nafasi, kama Robert kabla hajaenda Texas.

Nikafunga ya kwanza dukani. Pu! Moshi! Chepkirui alikuja mbio akauliza kama nimeanza kuchoma ndama pembe ndani ya nyumba. Nimemweleza kwamba hiyo iliumia safarini. Ya pili imewaka vizuri! Nikagusa, taa ikashuka. Nikagusa, ikapanda. Nimegusa kwa kiwiko. Nimegusa kwa pua. Kwa mwiko haikubali. Kwa nini pua na si mwiko? Ugali umepoa nikiwa bado nagusa.

Kwa hiyo kosa liko kwenye namba, si kwenye swichi. Nimekwangua 120 kwa wembe, nikaandika 240 kwa rangi ya kucha ya shemeji yangu. Ni nyekundu, lakini inasomeka.

Jumatano, 11 Septemba

Biashara ni matangazo. Nimefunga swichi moja ukumbini kwenye waya wa muda uliovutwa wakati wa ujenzi, karibu na beseni la kuoshea vyombo, ili akina mama wajionee wenyewe. Kwaya ilikuwa mazoezini. Hawakuimba tena! Walipanga foleni kugusa. Mama mkwe alikuwa akitazama, na mimi nimejificha nyuma ya rundo la viti kwa heshima. Nimemsikia akicheka. Tangu nioe hajawahi kufurahia kitu changu. Nilikaribia kulia huko nyuma ya viti.

Nyamwange alipita akauliza kama cheti kimepatikana. Wivu tu.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimepata njia. Kila mkulima wa hapa anajua kupanga kikapu. Majani mawili na kichipukizi juu, yale magumu chini. Karani wa kituo cha chai anaangalia juu, anapima, unaenda zako nyumbani. Swichi nazo zina tofauti gani? Nitaweka juu ya katoni swichi za kawaida zenye alama ya hapa nchini, za Texas zilale chini. Mkaguzi atachukua ya juu, atapima, ataandika cheti cha katoni nzima.

Mwenye swichi hizo ni Nyamwange peke yake. Nimevaa koti la mvua la Johana na kofia yake ili asinitambue, nikaenda kununua. Kabla sijafungua mdomo, Nyamwange akaniuliza Chepkirui hajambo. Akataka kujua muuza swichi ananunua swichi za nini. Nikasema ni za utafiti. Akanifungia kwa gazeti, akaniombea heri katika utafiti. Sikuipenda sauti yake.

Ijumaa, 13 Septemba

Lazima niandike yote.

Mkaguzi ni mwanamke, madam Bonareri. Nilimpa kiti, nikampa chai. Alikunywa, akashukuru, kisha akashika katoni na kuipindua yote juu ya kaunta! Swichi za Nyamwange zikaenda chini, za Texas zikakaa juu. Akasema, bila hasira yoyote, kwamba mama yake anauza majani chai huko Nyamira, na karani wao humwaga kila kikapu mezani. Nikasema wetu pia siku hizi anamwaga. Ni kweli, anamwaga tangu mwaka jana. Sijui kwa nini sikulifikiria jambo hilo mapema.

Akaokota swichi moja, akausoma mgongo wake, akaikwangua ile 240 kwa ukucha, akaangalia kidole chake. Chekundu.

Nilidhani ataondoka. Hapana. Aliifunga kwenye ubao wake wa kupimia, pale uani, akasema tungoje. Ikawaka vizuri. Nikatabasamu. Akasema tungoje tu. Tulingoja mpaka birika la chai likaisha. Ndipo akaweka testa, ile bisibisi ya kupimia umeme, kwenye bamba, pale pa kugusia, na kijitaa cha testa kikawaka. Taa yenyewe ilikuwa inawaka kama kawaida! Nilisahau kuogopa, nikamuuliza kwa nini. Alinieleza vizuri kuliko kitabu changu. Ndani kuna kipande kinachozuia umeme usifike kidoleni. Kimetengenezewa nusu ya umeme wetu, kwa hiyo hapa kinaungua polepole, kimyakimya, hadi bamba lenyewe linakuwa waya. Mwenye mkono mkavu atarushwa. Mwenye mkono wa maji huenda asiamke.

Nikauliza kama beseni likiwa karibu ni vibaya. Akauliza beseni gani.

Sijawahi kukimbia hivyo. Robert alikuwa barabarani akifanya mazoezi. Nilimpita!

Ukumbini kiza kilikuwa kinaingia. Akina mama walikuwa wanaosha masufuria. Mama mkwe alikuwa ametoka kwenye beseni, mikono inadondosha maji, kidole kimenyooka, anatabasamu kama msichana, anaiendea swichi. Nilitaka kupiga kelele, pumzi haikuwepo. Nikamshika mkono. Mikono yangu yote miwili! Nikamvuta mpaka tukaanguka kwenye viti.

Masufuria yameachwa. Wanawake wote wa kanisa wananitazama nimemkamata mama mkwe.

"Kipson," akasema. Hajawahi kuniita jina uso kwa uso. "Umenishika."

Nikasema ndiyo, mama. Madam Bonareri akaingia akihema, akaweka testa yake kwenye bamba. Kijitaa kikawaka. Kila mtu alikiona. Mama mkwe alikitazama, kisha akajifuta mikono kwa leso, kidole kimoja kimoja.

Jumamosi, 14 Septemba

Katoni imechukuliwa. Nyamwange amepewa kazi. Lakini Roret haizungumzii umeme, inazungumzia mkono. Wazee wamekaa. Mmoja anasema nitoe kondoo wa faini. Wa pili anasema mtu hatozwi kwa kuokoa uhai. Wa tatu anauliza kwa nini sikumvuta kwa nguo. Hakuna aliyeuliza swichi ilifikaje pale, na mimi sikuwakumbusha.

Chepkirui alilia, akanikumbatia, kisha akakumbuka ni nani aliyeifunga. Tangu hapo haongei na mimi. Johana ameleta kikapu. Amekiweka mlangoni, amekifuta hata vumbi.

Jumatatu, 16 Septemba

Maajabu! Mama mkwe ametuma neno. Kazi ni ya Nyamwange, ila mimi niwe msaidizi wake, maana anataka pale ukumbini awepo mtu mmoja aliyeuona umeme akaogopa. Amemwambia Johana mbolea ingoje. Johana hawezi kumbishia. Duka limepona!

Sharti ni moja: nisifunge tena kitu kisicho na cheti. Nilienda hadi kwake, nikasimama nje nikiwa nimempa mgongo kwa heshima, nikaapa kwa Biblia kwamba sitafunga tena swichi isiyo na cheti ukutani mwa mtu yeyote. Nikasikia akisema amina. Nilirudi nyumbani mwepesi, nimesamehewa, mtu mpya.

Jioni Robert akaja. Kumbe alileta katoni mbili! Ya pili ina mablanketi ya umeme. Unachomeka ukutani, unalala, linakupasha joto lenyewe. Na baridi hii ya Roret! Linajuaje kwamba nimelala? Je, nikigeuka? Na kiapo changu kilikuwa cha swichi za ukutani. Blanketi ni la kitandani, na halifungwi, linatandikwa.

Nimesoma lebo. Volti 120. Nimeshtuka kidogo, siwezi kuficha. Halafu nikawaza kama fundi: blanketi hili ni la watu wawili. Mia na ishirini kwa Chepkirui, mia na ishirini kwangu, jumla 240 kamili. Nimeshalitandika. Nasubiri Chepkirui amalize kuoga.