Mboga ni Kazi Ndogo

Habari yenyewe ilitoka kwenye redio ya Bi Birika, ile yenye kipande cha waya mahali pa antena, mchana wa Jumamosi watu wakiwa kwenye kikombe cha pili cha kahawa. Msomaji, kwa sauti ya mtu aliyeshiba, alisema watafiti wa nchi ya mbali wamegundua kwamba mume anayepika mboga mwenyewe hugombana na mkewe mara chache kuliko mume asiyepika. Kisha akahamia kwenye habari ya mvua, kana kwamba hakuwasha moto wowote.

"Hao watafiti wameoa?" akauliza Wembe, kinyozi wa kibanda cha pili, ambaye alikuwa amemwacha mteja wake kitini akiwa amenyolewa upande mmoja.

"Wembe, mteja wako," alisema Bi Birika akimimina kahawa.

"Amelala. Mteja aliyelala hana haraka. Nauliza, hao watafiti wameoa?"

"Swali lina msingi," akasema Mzee Katiba, karani mstaafu wa mahakama, aliyekuwa na kawaida ya kuinua kidole kabla ya kusema ili mtu mwingine asitangulie. "Ushahidi wa mtu asiyeoa kuhusu ndoa ni uvumi. Mahakama haipokei uvumi."

Fundi Cheche hakucheka. Aliyaona macho ya wote watatu yakihama kutoka kwenye redio na kumgeukia yeye, akajifanya anapuliza mkaa.

Alikuwa amechuchumaa mbele ya karakana yake, hatua chache kutoka kwenye benchi la kahawa, mbele ya oveni ya mkaa aliyoichomelea kwa mikono yake. Ilikuwa ya mama mmoja mwoka mikate, ambaye angeijia Jumatatu. Cheche aliwaambia watu kwamba anaijaribu kwa ajili ya mteja. Hilo lilikuwa kweli, ila halikuwa kweli lote, na kijiwe kizima kilijua lililobaki kwa sababu ni yeye mwenyewe aliyelisimulia.

Wiki iliyopita mkewe, anayefua mashuka hospitalini, alirudi nyumbani miguu imevimba, akaingia jikoni bila hata kuvua viatu. Nyama ikaiva, mboga ikachelewa. Na Cheche, aliyekuwa amekaa mezani na kijiko mkononi kama askari wa zamu, akasema maneno ambayo mpaka leo hajui yalipitaje kooni: "Mboga nayo ni kazi ndogo tu, mama watoto."

Mkewe hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Alisema, "Sawa. Jumamosi ijayo mama anakuja kula nasi. Nyama nitapika mimi. Mboga utapika wewe, maadamu ni kazi ndogo. Ikikushinda, utamwambia mama kwa mdomo wako mboga ni kazi gani."

Na mama mkwe wake hakuwa mtu wa kuambiwa mambo. Alikuwa mkunga aliyewapokea nusu ya mtaa walipozaliwa, Cheche mwenyewe akiwemo, na kila akimwona mkwewe alimtazama kama mtu anayejiuliza kama alimtoa mzima.

"Kwa hiyo leo ndiyo leo," alisema Wembe.

"Leo ndiyo leo, asemaye kesho ni mwongo," alijibu Cheche. "Mboga za kuoka, na sosi juu. Nimeulizia, ni rahisi. Unakata, unatia mafuta na chumvi, unaingiza kwenye moto. Ningekuwa na haraka ningezichomelea."

Akatoa ubao. Karoti, biringanya, boga, pilipili hoho na vitunguu vilipangwa kwa safu. Kisha akatoa rula ya chuma.

Mzee Katiba akavaa miwani. "Hiyo rula ni ya nini?"

"Vipande viwe sawa. Kazi bila kipimo ni uhuni."

"Bi Birika, umewahi kupima karoti?"

"Mimi nauza kahawa," alisema Bi Birika. "Siingii kwenye ndoa za watu wala karoti zao."

Cheche akakata kila kipande inchi moja kwa inchi moja. Biringanya aliyekataa kuwa mraba alinyolewa kona mpaka akakubali. Wembe alimpongeza kwa hilo, akasema ndivyo anavyofanya yeye kwa wenye vichwa vya ukaidi. Kisha Cheche akavipanga vipande kwenye trei, kimoja ubavuni mwa kingine, karoti imemkumbatia boga, boga amembana hoho, na penye tundu akachomeka kitunguu. Alipomaliza, trei ilikuwa kama sakafu ya benki.

"Umeibana sana," alisema Wembe.

"Kinyozi, mimi ni fundi wa vyuma. Kwenye kazi yangu mwanya ni aibu. Mwanya ndio unaoangusha geti la mtu."

Akaimwagia mafuta, akanyunyiza chumvi na pilipili manga, akaisukuma ndani, akafunga mlango wa oveni. Ulifungika vizuri sana, bila mwanya.

Wakati wa kungoja akatengeneza sosi. Alitwanga kitunguu saumu kwa mpini wa nyundo aliouosha mara tatu mbele ya mashahidi, akakoroga na siagi ya karanga, sosi ya soya, maji ya ndimu, pilipili kidogo na maji ya moto kutoka kwenye birika. Harufu ikapanda. Maneno yakapungua benchini.

"Mimi kwangu," alisema Wembe, akisogea upande wa harufu, "mwanaume akiingia jikoni, baraka inatoka kwa mlango wa nyuma. Ndivyo alivyosema marehemu baba."

"Marehemu baba yako alikula nini?"

"Alichopika mama."

"Na mama alipougua?"

"Alichopika shangazi."

"Basi hiyo si falsafa," alisema Bi Birika. "Hiyo ni bahati."

Cheche akafungua oveni. Mvuke ulimpiga usoni mpaka miwani yake ya kuchomelea ikafunga ukungu. Aliipangusa akatazama. Mboga zilikuwa zimelala kwenye maji yao wenyewe, zimelegea na kupauka, kama mashuka ambayo mkewe huyatoa kwenye pipa.

Mzee Katiba alisogea, akachungulia trei. "Hizo zimeoshwa," alisema. "Hazikuokwa."

"Mpelekee mbuzi," alisema Wembe.

Mbuzi wa jirani aliletewa kipande cha boga. Alinusa, akamtazama Cheche kwa huruma, akaenda kula karatasi.

"Msitupe," alisema Mzee Katiba, naye akavua kofia. "Riziki ya Mungu haitupwi. Kuna watu saa hii wanaiomba kwa machozi." Akaombea ile trei dua fupi ya kweli, wote wakaitikia, kisha akaila karibu robo yake kwa uso wa mtu anayetumikia kifungo. Wembe akamsaidia, akisema kila baada ya tonge kwamba ni mbaya.

Lakini Cheche hakuwasikia. Alikuwa ameinamia trei. Kwenye kona moja, wakati wa kusukuma, kipande kimoja cha karoti kilikuwa kimechomoka kutoka kwenye safu, kikabaki peke yake. Kile hakikuwa kimepauka. Kingo zake zilikuwa na rangi ya kahawia, ile rangi ya chuma kinapoanza kukubali moto, rangi ambayo Cheche aliijua kuliko uso wake. Akakila. Kilikuwa kitamu, na utamu wake ulikaa ulimini.

"Kumbe," alisema polepole, "hapa mwanya ndio kazi."

"Unasemaje?"

"Zikibanana zinatoa maji. Zikiachiana zinaiva."

"Kama watu wa benchi hili," alisema Bi Birika.

Alikata nyingine, zote zilizobaki, safari hii bila rula. Alizitandaza, kila kipande na uwanja wake, akaongeza mkaa. Alipofungua tena, mvuke haukutoka. Ilitoka harufu, nayo ikatembea mpaka barabarani, na mwenye baiskeli aliyekuwa akipita akageuza shingo mpaka akasahau kona. Kingo zimepata rangi, biringanya amekuwa laini ndani, vitunguu vimejikunja na kung'aa. Cheche akaiona meza ya nyumbani kichwani mwake. Mama mkwe angekaa, angeonja, angesema neno moja tu, "Mwanangu." Hilo lingetosha mpaka kaburini.

Hapo ndipo Mzee Katiba alipoinua kidole.

"Fundi, huwezi kumpelekea mkweo chakula ambacho hakijaonjwa. Utakuwa umemfanya mama wa watu kuwa wa majaribio."

"Kweli hiyo," alisema Cheche, maana ilionekana kweli. Akampa kipande cha karoti, amekichovya kwenye sosi.

Mzee Katiba alitafuna macho yamefumbwa. "Karoti imeshuhudia vizuri. Lakini karoti haiwezi kumshuhudia biringanya. Kila shahidi ajisemee."

Akapewa biringanya.

"Mimi natofautiana na mzee," alisema Wembe, ambaye hakuwa ameonja.

"Unatofautianaje na kitu hujakila?"

"Ndiyo maana nataka kukila, nijue natofautiana wapi."

Akapewa hoho, kisha boga, kisha kitunguu kwa sababu alisema boga limemfunika hoho. Akatikisa kichwa. "Cheche, ndugu yangu. Miaka yote hii tunakuita fundi wa mageti, kumbe tulikuwa tunakutukana."

Sasa, Cheche alikuwa mtu wa haki, lakini sifa hakuwa amezizoea. Kwenye kazi yake geti likiwa zuri mtu hulipita tu, likilia ndipo hukumbukwa fundi. Kwa hiyo kila sifa iliyotoka benchini aliilipa kwa kijiko. Wembe alisema sosi ingemtoa mgonjwa kitandani, akaongezewa. Mzee Katiba alisema hukumu inataka akidi, yaani watu wa kutosha, na Bi Birika naye ni mtu, basi Bi Birika akapewa sahani. Bi Birika akasema pungufu ni ndimu. Cheche akakamua ndimu, na ndimu ilipoongezwa ilibidi kesi isikilizwe upya tangu karoti.

"Na mwanaume jikoni vipi, Wembe?" aliuliza Bi Birika. "Baraka haijatoka kwa mlango wa nyuma?"

"Hapa si jikoni, hapa ni karakana," alisema Wembe na shavu limejaa. "Marehemu baba hakusema kitu kuhusu karakana."

Mzee Katiba aliinua kidole kwa mara ya mwisho. "Hukumu," alisema. "Chakula hiki kinafaa kupelekwa kwa mkwe."

Cheche akageuka kuchukua trei ili akipeleke. Juu yake kulikuwa na alama za mafuta tu, na ganda moja la kitunguu.

Alitazama trei. Akawatazama wao. Wembe alikumbuka mteja wake kwa ghafla. Mzee Katiba aliitazama saa ambayo hakuwa ameivaa. Wote wawili walikuwa wameshanyanyuka nusu, na nusu hiyo ndiyo waliyokutwa nayo, maana mlangoni mwa uwanja wa karakana alikuwa amesimama mke wa Cheche, na mbele yake mama yake, mkunga, kapu kubwa mkononi.

"Shikamoo, mama," walisema wanaume watatu kwa midomo inayong'aa.

"Marahaba." Aliwatazama mmoja mmoja, bila haraka. "Harufu nimeikuta tangu kule njia panda. Mboga iko wapi, mkwe?"

Cheche alifungua mdomo. Uongo ulikuwa tayari, tena wa aina tatu, na mmoja ulimhusu mbuzi. Akamwona mkewe. Mkewe hakuwa akicheka. Alikuwa ameegemea nguzo, ameupumzisha mguu mmoja juu ya mwingine, anasubiri kama alivyosubiri wiki nzima.

"Mama," alisema Cheche, "nilimwambia binti yako kwamba mboga ni kazi ndogo. Leo nimeifanya tangu mchana. Trei ya kwanza ilinishinda mimi. Ya pili niliishinda mimi, wakaimaliza hawa, na ni mimi niliyekuwa nagawa kwa kupenda sifa. Si kazi ndogo. Nilikosa." Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshaanza, akamgeukia mkewe. "Na wewe uliifanya umesimama kwenye miguu iliyovimba. Nisamehe."

Mkewe alitazama chini kidogo, akairekebisha khanga ambayo haikuwa imeharibika. "Nimesikia," alisema.

Mama mkwe aliliendea bakuli la sosi, likiwa bado na kiasi. Akachovya kidole, akalamba, akaionja kwa muda ambao Cheche aliuona mrefu kuliko uchumba wake wote.

"Sosi ipo," alisema. "Wewe, kinyozi, unakwenda wapi?"

"Nina mteja, mama."

"Nilimzalisha mama yako usiku wa mvua, sikuwa na mteja mwingine. Kaa." Akaweka kapu juu ya benchi, akalifunua. Lilikuwa zawadi ya shambani kwake, vitunguu vikubwa kama ngumi, na boga moja. "Na wewe karani, kaa. Binti yangu, wewe njoo ukae hapa kivulini, uniwekee miguu juu ya kiti. Bi Birika, mpe kahawa. Visu viko wapi?"

Visu vikatolewa. Wanaume watatu wakakaa kwenye benchi, wakabanana, wakaanza kumenya. Vitunguu vya mama mkwe vilikuwa vya dhati. Kwenye cha pili Wembe alianza kuvuta kamasi. Kwenye cha nne Mzee Katiba alivua miwani, akajifuta kwa kofia. Cheche alilia waziwazi, kidogo kwa kitunguu.

Ndipo mlango wa kibanda cha kinyozi ukafunguka, akatoka mteja aliyekuwa amelala, kichwa chake nusu kimenyolewa na nusu kina msitu. Alikuja kumgombeza Wembe. Lakini alipoona benchi zima linalia, na mama mtu mzima amesimama katikati mikono kiunoni, hasira ilimwisha. Akasogea taratibu, akaukunja uso kwa heshima.

"Poleni sana, wazee wangu," alisema. "Nani ametutoka?"

Walitazamana. Cheche akajifuta kwa kiwiko.

"Kazi Ndogo," alisema.

"Masikini. Nilikuwa namsikia tu," alisema mteja, akakaa nao.

Mama mkwe akampa kisu.