Siku Shiundu Alipouliza Ukoo wa Ng'ombe

Nyamazeni, enyi wakazi wa Shauri Moyo! Nawe uliye dirishani, punguza hiyo redio, maana leo sisimulii wafalme wala mizinga. Nasimulia kilo mbili za nyama. Anayetaka kucheka na acheke sasa amalize, kwa sababu haya niliyaona kwa macho yangu nikiwa wa nne kwenye foleni, na sipendi kukatizwa.

Alikuwapo Shiundu, mchomelea mageti, bwana wa cheche, mvunja usingizi wa mtaa mzima, ambaye hakuna kigumu kilichowahi kumshinda ila kimoja, nacho ni baba mkwe wake. Mzee Opicho wa Bungoma, mwenye meno matatu, mojawapo likilegalega, alikuwa amekuja Nairobi mara mbili kumwona bintiye Triza, na mara zote mbili aliitafuna nyama ya Shiundu hata taya zikachoka, akaitema pembeni mwa sahani mbele ya wageni. Mara ya pili akatoa tangazo. "Nitakuja mara moja tena," akasema, "na mkinipa tairi jingine, mtakuwa mkiniona kwenye picha." Triza aliingia jikoni akalia hadi leso ikalowa. Shiundu anampenda yule mke, jamani, na kilio kile kilimchoma kuliko moto wa kazini.

Basi shujaa akatangaza vita dhidi ya ugumu. Akachemsha nyama kwa magadi, akailaza kwenye papai, akaiponda kwa nyundo ya kazini hata majirani wakadhani watu wanapigana. Nyama haikutikisika. Ndipo Mitchelle wa nyumba ya pili, binti anayesomea mifugo chuoni, akaweka ndoo yake chini akahutubia kama jemadari:

"Ewe Shiundu, wacha kuonea sufuria! Ulaini haupikwi tu, unarithiwa. Kuna ng'ombe anayezaliwa na vinasaba vya kutawanya mafuta ndani ya mnofu, nyuzi nyembamba nyembamba, na yakiyeyuka jikoni nyama inalegea. Mwingine utamlisha mpaka mkono uchoke, mafuta yatakaa nje tu, kwa kuwa hivyo ndivyo babake na mamake walivyomwachia. Lishe inasaidia, umri nao una sehemu yake, lakini damu ndiyo inaanza. Tafuta damu ya Jersey, wale ng'ombe wa maziwa. Na usiogope mafuta ya njano, hayo pia ni urithi wake."

"Ya njano?" Shiundu akashtuka. "Si hayo ni ya ng'ombe mzee?"

"Hapo ndipo mtaa mzima mnapopotea. Tazama mbavu. Za mzee ni nyeupe na ngumu. Za kijana zina wekundu, ncha zake laini."

Nanyi msiojua, jueni kwamba kwetu mafuta ya njano ni aibu. Ukionekana umeyabeba, watu wanajua umeishiwa. Sisi tunaagiza nyeupe, tena kwa sauti, ndio jirani asikie.

Jumapili, siku ya kuja kwa mzee, Shiundu akaingia kwenye bucha ya Yahye, foleni ikiwa imefika mlangoni. Zamu yake ilipowadia, akanyoosha kidole kama mkuki.

"Yahye, mkata mbavu, mtawala wa mizani! Nitajie ukoo wa ng'ombe huyu. Baba yake ni nani? Mama yake ni wa wapi?"

Yahye akashusha panga, akamwita kwa Kisomali chake. "Warya, wewe unataka kumla ama unataka kumuoa?"

Tulicheka, Mungu atusamehe, mimi nikiongoza. Shujaa akasimama palepale. "Cheka, lakini jibu."

"Huyu ni wa nundu, ametembea kutoka mbali. Yule ni mchanganyiko, sijui wa nini. Na ule ubavu kule pembeni ni wa dume la Jersey, limetoka kwa mkulima wa Githunguri. Lakini wallahi, siuzi hiyo kwa mtu ninayemheshimu. Ona njano yake!"

"Igeuze."

Yahye akaigeuza. Ncha za mbavu zilikuwa laini, zenye wekundu, na pale kisu kilipopita, nyuzi za mafuta zilitambaa ndani ya mnofu, nyembamba, nyingi, kila upande. Shiundu akikosea leo, Triza amempoteza baba.

"Kilo mbili," akasema.

"Shiundu, kwani kazi imeisha?" mama mmoja akamuuliza kwa huruma ya kweli. Shiundu akalipa. Akapita katikati yetu na mzigo wake wa njano, kichwa juu, nami kwa umbea tu nikamfuata mpaka kwake nikajialika chakula.

"Njano?" Triza akapiga ukelele. "Leo? Kwa baba yangu?"

"Niamini leo tu, mke wangu."

Triza akaipika bila magadi wala papai, akikoroga kwa hasira.

Saa nane mzee akaketi mbele ya sahani. "Njano," akasema. Akachukua pande moja, akalitia kinywani. Taya likaenda kulia, likaenda kushoto. Shiundu alishika meza kwa mikono miwili, Triza alikuwa amefumba macho, na mimi mwenyewe nilisahau kupumua. Kisha koo la mzee likapanda, likashuka. Alimeza!

"Hii sikuitafuna," akasema, kama mtu aliyeibiwa. "Imejiendea yenyewe." Akaisukuma sahani. "Kijana, mbona mmenipakulia kidogo hivi? Mimi mgonjwa?"

Triza akageukia dirishani akalia tena, lakini safari hii huku anacheka.

Na iandikwe, enyi waandishi wa tarehe, isomwe kutoka Ziwani hata Eastleigh, kwamba Jumapili hiyo, saa nane na dakika kumi, Opicho wa meno matatu alishindwa vita na Shiundu wa cheche. Sufuria ilipobaki tupu, mzee akavua viatu, akavisukuma chini ya kochi, akatangaza kwamba anakaa mwezi mzima. Mshindi akatazama chumba chake kimoja, akatazama kochi lake moja, akasema, "Karibu, baba."