Cooper wa Mapipa

Jumatatu, 10 Machi

Lokosang amenisalimia tena. Kwa tabasamu! Mtu mwenye kiwanja mtaa wa New Site hapa Juba na gari la shirika ana haja gani na mchora mabango wa Hai Jalaba? Anapeleleza. Anajua kwamba nampenda Lilly, mwalimu wa chekechea iliyo mkabala na kibanda changu. Naye anamtaka. Mimi najua kwamba anajua.

Lilly alipita asubuhi na ubao wa shule, nipake rangi upya. Akasema herufi zangu zinapendeza. Herufi! Mbona hakusema mimi? Nimelifikiria hilo mpaka chai ikapoa.

Nimeamua. Lokosang ana gari, mimi nina jina. Sebit Jubek Cooper! Ndivyo vyeti vyangu vya Uganda vinavyosema. Kwa kweli babu aliitwa Kubri, yaani daraja, kwa kuwa alikuwa mlinzi wa daraja na hakuna aliyemjua kwa jina jingine. Lakini tulipokuwa wakimbizi Koboko, mwalimu wangu alisikia Kubri akaandika Cooper. Kosa lake, faida yangu.

Jumanne, 11 Machi

Nimebadilisha bango la kibanda. COOPER NA WANAWE, kwa rangi nyekundu. Sina wana, lakini mpango ni mpango. Abuk, mama wa chai, akauliza hao wana wako wapi. Hilo ni swali la mtu aliyetumwa.

Jioni nikaenda Malakia kwa Mzee Barnabas, baba mdogo wa Lilly. Ndiye mkubwa wa familia yao hapa Juba, na bila neno lake Lilly haolewi. Anauza maji karibu na mto, ua wake umejaa mapipa. Nikamwambia Cooper ni ukoo wa Kiingereza, wa watu wakubwa, adimu kabisa. Nikaapa kwamba Juba nzima nyumba ya Cooper ni moja tu.

Mzee akanitazama sana. Akaniomba nilirudie jina. Nikalirudia. Akasema nije Alhamisi. Hakusema kwa nini. Kuna kitu.

Alhamisi, 13 Machi

Aibu! Halafu ushindi!

Lokosang alikuwepo, tena kwenye kiti chenye mto. Lilly na majirani pia. Mzee akaniomba nieleze jina langu mbele ya wote. Nikaeleza, nikaongeza na chumvi kidogo. Lokosang akatoa simu. Sijapata kuona simu ikitolewa kwa nia mbaya namna ile. Akasoma kwa sauti: Cooper ni jina la kazi. Zamani kule Uingereza, mtu aliyetengeneza mapipa ya mbao aliitwa hivyo, jina likawabaki watoto wake. Adimu? Wapi! Wamejaa Uingereza, wamejaa Marekani, wamejaa mpaka Australia, kama akina Lado hapa kwetu.

Watu wakacheka. Lokosang akaniita Abu Birmil, baba wa pipa. Hata Lilly alicheka. Alifunika mdomo, lakini mabega yalimsaliti.

Mzee Barnabas peke yake hakucheka. Akamwambia Lokosang asome tena hapo kwenye mapipa. Akasoma. Mzee akageuka, akayaangalia mapipa yake ya maji, moja moja, machozi yakamlengalenga. Akanishika mkono. Nije Jumapili baada ya ibada, akasema, na nisile kitu nyumbani.

Lokosang akarudisha simu mfukoni, akaondoka. Nani Abu Birmil sasa?

Jumapili, 16 Machi

Mbuzi amechinjwa kwa ajili yangu. Nilivaa suti. Nilikula mguu mzima nikingoja Mzee atamke neno. Akasimama, akatamka.

Jina lake la tatu ni Cooper! Babu yao alilipata misheni na hakuna aliyewahi kujua maana yake. Lilly hulitumia mara chache, ndiyo maana sikulijua. "Mimi iko nauza maji na pipa miaka yote," Mzee akasema, "kumbe hii kitu iko kwa damu!" Na kwa kuwa niliapa kwamba nyumba ya Cooper ni moja, basi mimi ni mtoto wao aliyepotezwa na vita. Mbuzi huyu ni wa undugu. Wamama wakapiga vigelegele. Watu walilia. Nami nililia, kwa sababu yangu mwenyewe.

Nikauliza, kwa sauti ndogo, kama Lilly ni nani wangu. Dada yako, wakajibu kwa pamoja. Na kwetu ndugu hawaoani, hata undugu uwe wa babu wa babu.

Aliyepiga makofi kuliko wote? Lokosang. Sasa nimeelewa. Simu ile haikusoma bure.

Jumatatu, 17 Machi

Imebaki njia moja, nayo siipendi. Ukweli. Nimemwendea Shangazi Sunday, dada wa marehemu baba. Atamwambia Mzee kwamba babu yetu alikuwa Kubri wa darajani, si Cooper wa mahali popote. Alikubali upesi. Upesi mno. Sijui anataka nini.

Alhamisi, 20 Machi

Alitaka nyama.

Tulipofika Mzee alimpokea kama malkia, shangazi wa ukoo amekuja! Walikaanga kuku. Hata hivyo alisema yote, sina la kumlaumu: daraja, filimbi ya babu, jinsi babu alivyolala zamuni na magari yakapita yalivyotaka. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akasema nusu ya majina ya Juba yalizaliwa na kalamu ya karani fulani, na la kwao huenda ni hivyo hivyo. Nikaanza kupumua.

"Lakini mbuzi tumekula," akasema. "Mtu anakula mbuzi ya undugu, kesho anasema yeye si ndugu? Ataitapikia wapi? Kalas, imekwisha."

Nikamgeukia Shangazi. Alikuwa anavunja mfupa. Akasema ni kweli, undugu ukishaliwa haurudi sahanini.

Lilly akanisindikiza mpaka barabarani. Akaniuliza kwa nini sikuja tu kama Sebit. "Ubao wa chekechea nimekuletea mara tatu hii term," akasema, kwa Kiswahili chake cha Nairobi. "Ulidhani rangi yako inatoka haraka hivyo? Nilikuwa nakungoja useme kitu. Ningekubali siku hiyo hiyo."

Imeniuma. Naandika ukweli, imeniuma sana. Nimekaa juu ya kopo la rangi bila kugusa brashi, na mteja mmoja akaondoka.

Kisha nikajiuliza. Mbona aniambie leo, wakati haifai kitu? Nani amempa maneno hayo? Mtu mwenye gari, bila shaka.

Jumamosi, 29 Machi

Watu wa Lokosang wamekuja kumposa Lilly. Mimi, kaka, nikawekwa mstari wa mbele kuwahoji! Nikauliza kwa nini mchumba anapenda kusalimia watu. Akajibu ni adabu aliyofunzwa na mama yake. Jibu la kukariri.

Lilly alipoulizwa, alinitazama kwanza, kama dada anavyomtazama kaka. Nikaitikia kwa kichwa. Ningefanya nini? Akasema ndiyo. Wote wanasema Lokosang ni mtu mwema. Wote! Hilo ndilo linalonitia shaka.

Lokosang akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniita shemeji. Mkono mmoja haukutosha? Mzee Barnabas naye akanikumbusha kwamba dada akiolewa, kaka hakosi ng'ombe wachache wa mahari, wa kuanzia ndoa yake mwenyewe.

Jumatatu, 31 Machi

Nyakong, msichana wa duka la dawa Malakia, amesimama mbele ya bango langu akacheka vizuri. Ana vishimo mashavuni.

Safari hii sifanyi kosa. Kosa langu lilikuwa kutochunguza maana kwanza. Nimechunguza. Nimemfuta Cooper, nimeandika KING NA WANAWE. Maana yake mfalme. Nani atamcheka mfalme? Mapipa hayamo.

Mchana Mzee Yien, baba yake Nyakong, akaja kusoma bango. Akauliza kama kweli mimi ni wa ukoo wa mfalme. Nikasema wa damu kabisa. Akauliza ng'ombe wa mfalme wamefungwa wapi. Ana maswali mengi mno yule mzee, lazima nimchunge. Nikamjibu wako njiani, wanaletwa na shemeji yangu.

Kesho nitakwenda New Site kumwarifu Lokosang kuhusu ng'ombe hao. Akikubali haraka, nitajua ana lake jambo.